Nani Alipie Kazi ya Mtaalamu Chipukizi? Historia Fupi ya Gharama za Uchapishaji Huria katika Taaluma za Insia

Utangulizi

Swali la nani abebe gharama za kuchapisha kazi ya mtaalamu ni kongwe kama majarida yenyewe. Katika miongo hii ya karibuni swali hilo limevaa sura mpya, kwa kuwa maandishi mengi ya kitaaluma husomwa katika intaneti, na yako madai yenye nguvu kwamba yasomwe na kila mtu bila malipo. Huo ndio uitwao uchapishaji huria. Lakini kumwondolea msomaji bei si sawa na kuondoa gharama. Yuko mhariri, yuko msahihishaji, yuko mpangaji wa kurasa, na yuko yule anayehakikisha kwamba maandishi hayapotei baada ya miaka kumi. Wote hao wahitaji riziki. Mzigo huo hushushwa kutoka bega moja na kupandishwa juu ya jingine.

Makala haya yanaeleza jinsi mzigo huo ulivyohamishwa, hasa katika taaluma za insia, yaani lugha, fasihi, historia na falsafa, na yanachunguza ni nani aliyeachwa nje kila ulipohamishwa. Anayeangaliwa zaidi ni mtaalamu chipukizi: msaidizi ambaye bado anaandaa tasnifu ya udaktari, au daktari mpya ambaye hajapata nafasi ya kudumu. Huyo ndiye anayehitaji kuchapisha kuliko wote, na ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kulipa.

1. Kutoka mfuko wa mhariri hadi mfuko wa maktaba

Mwezi wa Machi 1665, Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alianzisha jarida la Philosophical Transactions. Alilichapisha kwa jukumu lake mwenyewe, akitumaini kupata faida, lakini faida hiyo ilikuwa haba. Mwaka 1752 chama chenyewe kililichukua jarida na gharama zake. Kwa muda mrefu baadaye halikuwa chanzo cha mapato bali mzigo ambao chama kilikubali kuubeba, na nakala nyingi zilitolewa bure kwa wanachama au kubadilishana na taasisi nyingine za elimu. Hivyo, wazo la kugawa maarifa bila kumtoza msomaji halikuzaliwa pamoja na kompyuta.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili. Vyuo vikuu viliongezeka, utafiti ukapewa fedha za serikali, na kampuni za biashara zikaona kwamba maktaba haiwezi kukataa jarida ambalo walimu wake wanalihitaji. Pergamon Press, iliyoongozwa na Robert Maxwell tangu 1951, ni mfano mashuhuri. Bei za majarida, hasa ya sayansi, zikapanda kwa kasi kuliko bajeti za maktaba. Ili kulipia majarida hayo, maktaba zilipunguza ununuzi wa vitabu, na hapo taaluma za insia zikaumia kwa kosa lisilo lao. Kitabu cha mtaalamu wa fasihi kilichokuwa kikinunuliwa na maktaba nyingi kilikosa wanunuzi; mashirika ya uchapishaji ya vyuo vikuu nayo yakaanza kukikwepa kitabu cha kwanza cha mwandishi asiyejulikana.

Mwezi wa Mei 2002 Stephen Greenblatt, aliyekuwa rais wa Modern Language Association ya Marekani, aliwaandikia wanachama barua juu ya hali hiyo. Alieleza kwamba idara zinawadai walimu vijana kitabu kilichochapishwa ndipo wapewe nafasi ya kudumu, ilhali wachapishaji hawana tena uwezo wa kukitoa. Kijana alihukumiwa kwa kosa la soko.

2. Budapest na ada ya mwandishi

Miezi mitatu kabla ya barua hiyo, tarehe 14 Februari 2002, lilitolewa Azimio la Budapest juu ya uchapishaji huria, tunda la mkutano ulioitishwa Desemba 2001 na Open Society Institute ya George Soros. Azimio lilipendekeza njia mbili: mwandishi aweke nakala ya kazi yake katika hifadhi iliyo wazi, au yaanzishwe majarida yasiyomtoza msomaji. Kuhusu njia ya pili, azimio halikusema kwamba mwandishi ndiye alipe. Lilitaja vyanzo vingi vya fedha, zikiwemo serikali, vyuo na wakfu.

Hata hivyo, ada ya mwandishi ndiyo iliyotangulia kustawi. Mwaka huohuo wa 2002, BioMed Central ilianza kutoza dola 500 kwa kila makala. Public Library of Science, iliyotoa jarida lake la kwanza Oktoba 2003, ilitoza dola 1,500. Katika biolojia na utabibu jambo hilo liliwezekana, kwa sababu ruzuku ya utafiti ni kubwa na ada ni sehemu ndogo yake. Katika insia hesabu hiyo haitimii. Mwanahistoria anayesoma nyaraka za kale, au mwanaisimu anayerekodi masimulizi ya wazee, mara nyingi hana ruzuku yoyote. Fedha yake ya utafiti ni mshahara wake, kama anao.

Uingereza ilitoa funzo. Ripoti ya kamati ya Janet Finch, iliyotolewa Juni 2012, ilipendelea njia ya ada, na kuanzia Aprili 2013 mabaraza ya utafiti yaliviletea vyuo fungu la fedha za kulipia ada hizo. Hapo wataalamu wa insia waliuliza: fungu likiwa dogo, ni makala ya nani yatakayolipiwa, ya profesa au ya msaidizi? Na yule aliyemaliza udaktari jana, asiye na chuo kinachomtambua, aende kwa nani?

Wachapishaji wengi waliweka msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi maskini, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika kundi la kwanza la mpango wa Research4Life, ambao orodha yake hutumiwa kuamua nani asamehewe. Msamaha huo umesaidia wengi. Lakini kwa kawaida hauhusu majarida yanayochanganya makala ya bure na ya kulipiwa, na yako majarida ambayo mwandishi hana budi kuuomba. Msamaha ni hisani, na hisani haiwi msingi wa maisha ya kitaaluma.

3. Mzigo wa wengi: Open Library of Humanities na Glossa

Mwanzoni mwa 2013 wahadhiri vijana wawili wa fasihi nchini Uingereza, Martin Paul Eve na Caroline Edwards, walitangaza mpango wa Open Library of Humanities. Kwa msaada wa wakfu wa Andrew W. Mellon, mpango ulifungua milango yake Septemba 2015 ukiwa na majarida 7. Kanuni yake ni nyepesi: msomaji halipi, mwandishi halipi, maktaba nyingi huchanga kila mwaka kiasi kisicho kikubwa, na mchango wa wote huendesha majarida yote. Makala ambayo kwa njia ya ada yangemgharimu mtu mmoja mamia ya dola huigharimu kila maktaba sehemu ndogo sana. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili methali imekuwa hesabu.

Mwaka huohuo wanaisimu walionyesha kwamba jarida ni watu, si jina. Wahariri wa Lingua, jarida lililoanzishwa 1949 na kumilikiwa na kampuni ya Elsevier, waliomba liwe huria kwa ada isiyozidi yuro 400. Walipokataliwa, wahariri wote 6, wakiongozwa na Johan Rooryck, walijiuzulu pamoja na wajumbe wote 31 wa baraza la uhariri. Walianzisha Glossa, lililoanza kutoka 2016. Mashirika ya Uholanzi yaligharimia miaka ya kwanza, na Open Library of Humanities ikatazamiwa kuwa tegemeo la baadaye. Lingua halikufa, lilipata wahariri wengine. Lakini mwanaisimu kijana alipata mlango mwingine, wenye hadhi ileile, usio na mtoza ushuru.

Njia ya mchango ina udhaifu wake. Maktaba isiyochanga husoma sawa na inayochanga, na siku ya upungufu mchango wa hiari huwa wa kwanza kukatwa. Tena, kilichojengwa na wengi chaweza kuuzwa. Knowledge Unlatched, mpango ulioanzishwa na Frances Pinter, ulikusanya michango ya maktaba karibu 300 na kuvifanya vitabu 28 kuwa huria mwaka 2014. Mwishoni mwa 2021 ulinunuliwa na kampuni ya Wiley. Katiba ya mpango ina uzito sawa na fedha zake.

4. Kitabu, mlima uliobaki

Makala yana nafuu. Kitabu ndicho mlima. Uchunguzi wa Ithaka S+R uliochapishwa 2016, uliopima vitabu 382 vya mashirika ya vyuo vikuu vya Marekani, ulikuta kwamba kitabu kimoja kiligharimu kati ya dola 15,140 na dola 129,909. Mwaka 2017 baadhi ya vyuo vya nchi hiyo vilianza majaribio ya miaka mitano yaliyoitwa TOME, ambamo chuo kilitoa dola 15,000 ili kitabu cha mwalimu wake kiwe huria. Mwalimu huyo alisaidika. Asiye na chuo hakusaidika. Kila fedha inapofungwa kwenye ajira, chipukizi asiye na ajira hubaki uani.

5. Kiswahili na Kongo

Historia hii si ya mbali. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wao, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ilipigwa chapa ya stensili, njia ya mtu asiye na mchapishaji. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa huko Ulaya pamoja na tafsiri na maelezo, katika kitabu cha bei ambayo watoto wa watumishi hao wasingeimudu. Baadaye maandishi hayo yaliwekwa katika hifadhi ya Kiswahili ya Kongo iliyoandaliwa Amsterdam, isomeke bure katika intaneti. Hatua tatu hizo, stensili, kitabu cha bei ghali, hifadhi huria, ni muhtasari wa makala haya yote. Swahili Forum nalo, lililoanza 1994 mjini Köln kama sehemu ya mfululizo wa karatasi, limekuwa likisomwa bure katika intaneti, likibebwa na idara za vyuo vikuu vya Ujerumani.

Amerika ya Kusini imethibitisha kwamba jambo hili halihitaji utajiri wa Ulaya. SciELO, iliyoanza Brazil katika miaka ya 1997 na 1998 kwa fedha za FAPESP, shirika la utafiti la jimbo la São Paulo, ilijengwa juu ya majarida ambayo vyama na vyuo vyenyewe huyatoa. Afrika Kusini ilijiunga na mtandao huo baadaye.

Hitimisho

Kutokana na historia hii mambo matatu yanaonekana. Kwanza, kila mfumo una mlipaji wake, na kila mlipaji ana mlango wake. Mfumo wa ada humfungia mlango mtaalamu chipukizi wa insia kuliko mwingine yeyote. Pili, fedha inayotolewa kwa jarida zima humfikia chipukizi vizuri zaidi kuliko fedha inayotolewa kwa makala moja moja, kwa sababu jarida linahukumu kazi bila kuuliza mfuko. Tatu, jarida la idara, hata likiwa la kurasa chache, ni sehemu ya kufundisha kama maktaba ilivyo, na linastahili fungu lake katika bajeti ya chuo badala ya kuachiwa moyo wa mwalimu mmoja.

Msaidizi wa Lubumbashi au Bukavu aliyekusanya masimulizi ya wachimba madini hana la kuongeza katika mjadala wa ada. Kazi yake iko tayari mezani. Kinachosubiriwa ni idara itakayokubali kuihariri, chuo kitakachokubali kuilipia, na baraza la kupandisha vyeo litakalokubali kuihesabu.