Mali Bila Daftari: Kumbukumbu za Mpira na Deni Letu



Katika mkutano wetu mmoja ulizuka ubishi ambao haukwisha hata chai ilipopoa. Ubishi wenyewe ulihusu mechi tuliyocheza Bunda zamani, tulikokwenda kwa lori huku tukiimba njia nzima. Mmoja alisema tulishinda 3–2. Wa pili alisema 2–1. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa mlinda mlango, aliapa kwamba siku ile hakufungwa hata bao moja. Wa nne alisema mechi haikwisha, mvua iliivunja. Wote wanne walikuwapo uwanjani, na wote ni watu wazima wenye akili timamu.

Mimi nilinyamaza, maana ndimi niliyekuwa katibu wa timu. Daftari la mechi nilikuwa nalo mimi, na kurasa zake nilizichana moja moja kuandikia barua za nyumbani, hata yakabaki majalada mawili. Baadaye, tulipomzika winga wetu wa kushoto huko Butiama, mwanawe aliniuliza, "Baba mkubwa, ni kweli baba alifunga mabao mawili Bunda?" Nilimjibu kwamba ni kweli. Lakini sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mabao nayo ni mali. Kwa nini wapenzi wa kandanda nchini wanajua kwamba tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6–0, na kwamba Abdallah Kibadeni peke yake alipachika mabao 3? Wengi wanaoyasema hayo hawakuwapo uwanjani, na wengine walikuwa hawajazaliwa. Wanajua kwa kuwa yaliandikwa. Na shabiki wa Yanga naye ana la kujibia: 5–0 ya mwaka 1968. Wakibishana, wanabishana juu ya ubora. Juu ya mabao hawana ubishi.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni timu kubwa za Dar es Salaam, wala si timu za wanafunzi. Basi nitatoa mfano wa wanafunzi, ingawa unatoka mbali, Australia. Tarehe 7 Agosti 1858 shule mbili za Melbourne, Scotch College na Melbourne Grammar, ziliingia uwanjani, kila upande wachezaji 40. Jua lilikuchwa bila mshindi. Wakarudiana siku nyingine mbili, na mwisho wakatoka sare, bao 1 kwa 1. Mmoja wa marefa wao alikuwa Tom Wills, na mwaka uliofuata, 1859, yeye na wenzake waliandika kanuni 10 za mchezo. Huo ndio mwanzo wa kandanda ya Kiaustralia.

Mchezo huo si kama wetu. Mpira wake ni mrefu kama yai, wachezaji ni 18 kila upande, na kila mwisho wa uwanja ina milingoti 4. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti 2 ya ndani ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya mlingoti wa ndani na wa nje, ni pointi 1. Matokeo yao huandikwa hivi: 12.10 (82), yaani magoli 12, mipira 10 iliyopita pembeni, jumla pointi 82. Kwa hiyo hata shabaha iliyokosea kidogo inabaki kitabuni.

Kwa kuandika namna hiyo wanajua kwamba mwaka 1934 Bob Pratt wa South Melbourne alifunga magoli 150 katika msimu mmoja, na kwamba Peter Hudson wa Hawthorn aliifikia hesabu hiyo mwaka 1971 lakini akashindwa kupata la 151. Mwaka huo huo wa 1934, kijana mmoja kutoka Butiama, Kambarage mwana wa Chifu Burito, aliingia shule ya Mwisenge hapa Musoma akiwa na umri wa miaka 12. Ni nani siku ile aliyejua kwamba mtoto huyo ataiongoza Tanganyika hadi Uhuru mwaka 1961? Mwandishi wa kumbukumbu hachagui jina litakalokuja kuwa kubwa. Kazi yake ni kuyaandika yote.

Wala mchezo huo wa Australia haukosi uhusiano na Afrika Mashariki. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na wazazi wake ni watu wa Sudan Kusini. Alianza kucheza ligi kuu ya huko mwaka 2016 akiwa na Sydney, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, alichaguliwa katika kikosi bora cha mwaka.

Sasa turudi nyumbani, katika Uwanja wa Karume, Musoma. Timu yetu ya Biashara United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Katika msimu wa 2020/21 ilishika nafasi ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ikaitoa Dikhil ya Djibouti kwa jumla ya mabao 3–0. Oktoba 2021, jijini Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2–0. Zikabaki dakika 90 tu. Lakini timu haikufika Libya kwa mechi ya marudiano, na Al Ahli wakapita bila kucheza. Msimu huo huo Biashara ikashuka daraja.

Anayesoma orodha ya timu zilizofuzu ataliona jina la Al Ahli, naye atadhani vijana wa Mara walishindwa uwanjani. Walitolewa mashindanoni bila kufungwa hata bao moja. Hilo lisipoandikwa likiwa na maelezo yake, baada ya miaka 30 wajukuu wetu watabishana kama tulivyobishana sisi, na chai yao itapoa.

Kwa hiyo, vijana wa michezo shuleni, nawaomba jambo moja. Wekeni daftari gumu la mechi, si la kuchana. Kila mechi, iwe ya UMISSETA au ya kidato cha pili dhidi ya cha tatu, andikeni tarehe, uwanja, majina ya wachezaji wote, mabao, wafungaji na refa. Andikeni hata penalti iliyokoswa. Mechi ikivunjika, andikeni sababu. Kisha kapteni na mwalimu wa michezo watie sahihi, na daftari likae maktaba, si chini ya godoro la katibu.

Nanyi wazee wenzangu, kila mmoja na aandike anachokikumbuka kabla hatujakutana tena, bila kumwuliza mwenziwe. Tutavilinganisha vikaratasi mezani. Tunakopatana tutaandika kwa wino, na tunakohitilafiana tutaandika kwa penseli. Changu nimekwisha kukianza. Mstari wa kwanza ni huu: Bunda, winga wa kushoto, mabao 2. Kwa penseli.