Rubani Yuko Wapi? Vyombo Vipya, Majina na Uwajibikaji katika Njia ya Misafara ya Tabora

Utangulizi



Kwa miaka kadhaa sasa tumezoea kusikia redioni na kusoma magazetini habari za "ndege zisizo na rubani", ambazo wengine huziita droni. Habari hizo ni za aina mbili. Zipo zinazosimulia damu na dawa zinazofikishwa hospitalini kwa dakika chache, na zipo zinazosimulia watu waliouawa na kitu ambacho hawakukiona. Mijadala kuhusu maadili ya vyombo hivi aghalabu huendeshwa kana kwamba suala lenyewe limezaliwa jana, tena katika nchi za mbali. Mhadhara huu unakusudia kulirejesha suala hilo nyumbani, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, ikafika Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema.

Hoja yangu ni moja. Watu wa njia hii walikutana na vyombo vigeni vya kuua, vya kubeba na vya kupimia nchi muda mrefu kabla yetu. Tangu wakati huo chombo kimezidi kusogea mbali na mtu anayekitumia, na lugha nayo imezidi kumsahau mtu huyo. Jina "ndege isiyo na rubani" ni hatua ya karibuni katika safari hiyo ndefu, nami nitadai kwamba ni jina linalotupotosha katika jambo lililo zito kuliko yote, yaani uwajibikaji.

Bunduki na majina ya wenye bunduki

Tuanze na bunduki. Katika Kiarabu, neno ambalo Kiswahili kilipata kwalo "bunduki" lilikuwa kwanza jina la kokwa, kisha la tufe dogo lililorushwa kwa upinde, na hatimaye la silaha ya moto. "Risasi" nayo ni jina la madini, na hata leo tunalitumia hivyo. "Mzinga" ni la hapa hapa kwetu: ni gogo lililotobolewa, makao ya nyuki, na wasemaji walipouona mtutu mkubwa wa kivita wakauona mfano wa gogo hilo. Katika Tabora, nchi ya miombo na asali, maana zote mbili zinaishi bega kwa bega mpaka leo.

Bunduki zilizofika bara katikati ya karne ya 19 zilikuwa hasa magobori, yaani bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ambazo nyingi zilikuwa zimepitwa na wakati huko Ulaya. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa, na zenyewe zikatumiwa kupata pembe na watumwa zaidi. Ndiyo sababu hatuwezi kuzizungumzia kama bidhaa ya kawaida. Kila gobori lililouzwa lilikuwa pia mtaji wa kumteka mtu mwingine.

Athari yake ya kijamii ilikuwa kubwa. Hapo awali mamlaka ya mtemi wa Kinyamwezi yalitegemea ukoo, matambiko na ridhaa ya wazee. Bunduki ilimpa nguvu mtu yeyote aliyeweza kuinunua na kuwalisha vijana wa kuibeba. Vijana hao, rugaruga, wengi wao wakiwa wameng'olewa makwao na vita na utumwa, hawakuwajibika tena kwa wazee wa koo. Waliwajibika kwa aliyewapa silaha.

Lakini tazameni majina. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, anajulikana ulimwenguni kwa jina la Tippu Tip. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, analihusisha jina hilo na mlio wa bunduki zake zilipolia katika nchi ya Nsama wa Itabwa, mwaka 1867. Wengine hulieleza kwa kupepesa kwa macho yake, ila maelezo yake mwenyewe ndiyo yanayotuhusu hapa. Hasimu wa Waarabu wa Unyanyembe, Mtyela Kasanda wa Urambo, anajulikana kwa jina la Mirambo, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni maiti. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu hao juu ya ushuru na njia ya kwenda Ujiji, na mwezi Agosti akaivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Alifariki mwaka 1884.

Hapa tuna majina mawili ya njia moja. La kwanza limetokana na mlio wa silaha, na la pili na matokeo yake. Yote mawili yamebandikwa juu ya mtu. Waliopigwa walisikia mlio, wakaona maiti, wakamwita mwenye bunduki kwa jina la kitendo chake. Dhuluma ilikuwa kubwa, lakini haikukosa mwenyewe. Mtu angeweza kulaani, kudai fidia, kufanya suluhu au kulipa kisasi, kwa sababu alijua ni nani.

Sheria iliyochagua upande

Itasemwa kwamba dawa ya vyombo vya hatari ni sheria. Historia ya njia hii inatuonya tuulize: sheria ya nani, na imewekwa lini? Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini Mkataba Mkuu uliolenga kukomesha biashara ya watumwa, na pamoja nayo kuzuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Lengo la kukomesha utumwa lilikuwa jema, na hakuna awezaye kulibeza. Hata hivyo, katazo hilo halikuwagusa askari wa dola zilizokuwa zikiigawana Afrika wakati ule ule.

Matokeo yake yalionekana Unyanyembe. Januari 1893 majeshi ya Wajerumani chini ya Tom von Prince yaliivamia ngome ya Mtemi Isike. Alipoona ngome imeshindwa, Isike aliwasha ghala lake la baruti asitekwe akiwa mzima. Baruti iliyokuwa nguvu ya watawala wa njia ya misafara ikawa ndiyo mwisho wa mmoja wao. Sheria ya silaha ilikuwapo, lakini ilimbana upande mmoja tu. Funzo hilo halijachakaa: kanuni inayomdhibiti mnunuzi mdogo na kumwacha huru mwenye kiwanda na mwenye jeshi ni kanuni ya mamlaka, wala haijawa bado ya maadili.

Kutoka kichwani kwa mpagazi hadi angani

Chombo cha pili kilichobadili njia hii kilikuwa reli. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa takriban kilo 30 kutoka bara hadi pwani, na kazi hiyo ilikuwa ya heshima: kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, ambaye aliijua njia. Msafara ulipopotea, hakuna aliyeilaumu njia. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi katika njia ile ikafa. Mizigo ilisafiri kwa siku chache badala ya miezi. Walionufaika na waliopoteza riziki hawakuwa watu wale wale.

Reli hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Kigoma vipande vya meli Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kuunganishwa upya ufukweni, na kuelea mwaka 1915. Dhidi yake Wabelgiji walileta kitu ambacho ziwa halijawahi kukiona: ndege za kutua majini. Katikati ya mwaka 1916 ndege hizo zilidondosha mabomu Kigoma. Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe. Iliinuliwa baadaye, na kuanzia mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba. Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ilitekwa na majeshi ya Kibelgiji.

Kwa hiyo mwisho wa njia ya misafara ni miongoni mwa mahali pa kwanza katika eneo letu ambapo watu walishambuliwa kutoka angani. Wasemaji wa Kiswahili wakakiita chombo hicho "ndege", kiumbe ambacho hakina bwana. Lakini anayekiendesha walimpa jina la heshima: "rubani", neno ambalo katika Kiarabu ni la nahodha wa chombo cha baharini. Chombo kilikuwa juu na mbali, ila lugha ilikumbuka kumweka mtu ndani yake.

Droni: kupima, kubeba na kuua

Droni za leo zinafanya kazi tatu, na zote tatu zina mababu katika njia hii. Kazi ya kwanza ni kupima nchi. Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, walipata habari nyingi za maziwa kutoka kwa mwenyeji wao, Snay bin Amir. Habari hizo ziliingia katika vitabu na ramani za Ulaya, na miongo mitatu baadaye ramani zikatangulia bendera. Aliyeeleza hakuwa na usemi wowote juu ya matumizi ya maelezo yake. Linganisheni na mradi wa mwaka 2016 wa kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni, ambapo kazi ilifanywa chini ya Kamisheni ya Ardhi na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafunzwa kuziendesha. Picha ya paa la mtu, shamba lake na mipaka yake ni habari yake. Swali la maadili ni ile ile tofauti iliyopo kati ya Snay bin Amir na vijana wa Zanzibar: nani anabaki na ramani?

Kazi ya pili ni kubeba. Mwaka 1858 Speke alitoka Kaze kwa miguu kuelekea kaskazini, akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Mwaka 2018, katika ziwa hilo hilo, palifanywa majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni: umbali wa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Nchini Rwanda damu imekuwa ikipelekwa hospitalini kwa njia hiyo tangu mwaka 2016. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana haja na falsafa yetu. Ana haja na damu. Sioni sababu ya kumnyima. Neno langu ni kwamba majaribio hupita, na zahanati hubaki. Jamii inayofundishwa kutazama juu ina haki ya kujua mapema nani atalipa gharama wafadhili watakapoondoka.

Kazi ya tatu ni vita. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika ndiyo iliyokieneza Kiswahili mashariki ya Kongo, na huko ndiko Umoja wa Mataifa ulikoanza kurusha droni za uchunguzi zisizo na silaha, mjini Goma, Desemba 2013. Baada ya hapo zikaja za kushambulia. Februari 2024 jeshi la Kongo lilisema kwamba droni zilizotoka upande wa Rwanda ziliushambulia uwanja wa ndege wa Goma. Mkazi wa mji ule, msemaji wa lugha yetu, anasikia kishindo kama walivyosikia watu wa Itabwa. Tofauti ni kwamba hana wa kumwita Tippu Tip.

Sarufi ya uwajibikaji

Naomba sasa niseme kama mwanaisimu. Kiswahili kinapambanua vizuri mtenda na kifaa. Tunasema "aliuawa na askari" lakini "aliuawa kwa bunduki". "Na" humtaja mtenda, "kwa" hukitaja kifaa. Tunaposema "waliuawa na droni", tumekipandisha kifaa katika kiti cha mtenda. Mtaniambia kwamba tunasema pia "aligongwa na gari". Ni kweli, lakini gari lina namba, na polisi hufika wakiuliza dereva yuko wapi. Katika droni swali hilo tumelijibu kabla halijaulizwa, kwa sababu jina lenyewe linasema hakuna rubani.

Ukweli ni kwamba yupo. Ameketi mbele ya kioo, pengine katika nchi nyingine, na nyuma yake yupo aliyetoa amri. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinatambua hivyo, kwani huzungumzia vyombo vinavyoongozwa kutoka mbali, na Tanzania ilifuata mkondo huo katika kanuni zake za mwaka 2018. Napendekeza basi istilahi "ndege ya rubani wa mbali". Na pale ambapo mashine yenyewe imeachiwa kuchagua shabaha, tumtaje mtumaji wake, maana hakuna mshale uliojituma.

Hata neno "droni" lina somo kwa watu wa Tabora. Katika Kiingereza ni dume la nyuki. Waingereza waliwahi kuwa na ndege ya shabaha iliyoongozwa kwa redio, mwaka 1935, waliyoiita Malkia wa Nyuki, na jina la dume linasemekana kufuata hapo. Mrina asali yeyote wa miombo anajua kwamba dume la nyuki halina mwiba. Mwiba wa droni ameubandika binadamu.

Hitimisho

Sijaja kuwaambia kwamba zamani ilikuwa njema. Njia ya misafara ilikuwa njia ya machozi kwa maelfu, na kumjua mwenye bunduki hakukumfufua aliyekufa. Lakini haki haiwezi hata kuanza pasipo jina la mtenda. Kazi ya wanasheria ni kulidai jina hilo mahakamani. Kazi yetu sisi wa lugha, katika kamusi, katika tafsiri na katika vyumba vya habari, ni kuhakikisha kwamba sentensi ya Kiswahili inabaki na nafasi yake. Wanafunzi wangu, mtakapotafsiri habari ya shambulio lolote, andikeni "kwa droni", kisha mtafute aliyeirusha. Msipompata, semeni kwamba hajatajwa.