Redio za Kujiundia: Seti za Heathkit na Tatizo la Uasili

Redio za valvu zilizouzwa zikiwa vipande vipande ili mnunuzi aziunde mwenyewe nyumbani zina nafasi ya pekee miongoni mwa mabaki ya historia ya mawasiliano, kwa sababu kila moja ina waundaji wawili: kampuni iliyoisanifu na kukusanya vipuri vyake, na mnunuzi aliyevilehemu kwa mkono wake. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa, ambamo kathodi inayopashwa joto hutoa elektroni zinazovutwa na anodi, huku gridi iliyo kati yao ikitawala wingi wa elektroni hizo. Ndiyo iliyokuza mawimbi dhaifu ya redio kabla ya transista kuenea.

Biashara hiyo ilianza mapema nchini Marekani, ambako tangu 1923 seti za Neutrodyne, zilizofuata usanifu wa Louis Alan Hazeltine, zilipendwa na waundaji wa nyumbani. Jina lililokuja kuvuma kuliko yote, hata hivyo, ni Heathkit. Edward Bayard Heath alikuwa akiuza ndege ndogo za kujiundia hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1931, na kampuni yake ikanunuliwa mwaka 1935 na Howard Anthony, ambaye naye, kwa sadfa ya kuhuzunisha, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1954. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Anthony alinunua shehena ya vipuri vilivyobaki jeshini, akavitumia kuunda osiloskopu, yaani chombo cha kuonesha umbo la mawimbi ya umeme, iliyouzwa mwaka 1947 kwa dola 39.50. Kutokana na mafanikio hayo, kiwanda cha Benton Harbor, jimboni Michigan, kiliingia katika utengenezaji wa seti za redio za kupokelea na kurushia mawimbi, na kikaendelea na biashara ya seti hadi 1992.

Siri ya Heathkit ilikuwa kitabu cha maelekezo. Kila hatua ilitanguliwa na mabano matupu ya kutiwa alama baada ya kazi kukamilika, na kila kiungo kilioneshwa kwa herufi S kama kilipaswa kulehemiwa papo hapo, au NS kama kilipaswa kusubiri waya mwingine. Nakala yenye alama za penseli za mwenyewe, na pengine vipimo vya volti alivyoviandika pembeni, ni hati ya kihistoria sawa na redio yenyewe, na fundi anayeitenga na redio yake hupoteza nusu ya ushahidi.

Ugumu wa urejeshaji unaanzia kwenye kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme. Zile za karatasi iliyopakwa nta hunyonya unyevu na kuanza kuvujisha umeme. Ikivuja ile inayounganisha hatua moja ya ukuzaji na nyingine, volti chanya hufika kwenye gridi ya valvu ya kutolea sauti, valvu hiyo ikavuta mkondo kupita kiasi, na transfoma, ambayo ni ghali na adimu, ikaungua. Rezista za kaboni nazo huongezeka ukinzani kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo kuichomeka redio ya namna hiyo moja kwa moja kwenye umeme ili kuona kama inafanya kazi ni ujinga mtupu. Mafundi waangalifu huunganisha kwanza balbu ya waya kwa mfululizo, ambayo huwaka sana endapo kuna hitilafu na hivyo kuzuia mkondo mkubwa.

Mbinu inayoheshimika zaidi ni kuipasha moto kidogo kapasita ya zamani, kuutoa moyo wake, kuingiza mpya iliyo ndogo ndani ya gamba lilelile lenye maandishi ya awali, kisha kuziba ncha kwa nta. Valvu zenyewe kwa kawaida hazina kosa, na kuzibadilisha zote kwa pamoja ni uharibifu tu. Hata kuzifuta kwa kitambaa chenye maji hufuta chapa iliyoandikwa kwenye kioo.

Swali gumu zaidi linahusu kazi ya mnunuzi. Kiungo kilicholehemiwa vibaya, ambacho lehemu yake haikushika waya, ni kosa la kuundwa kwake na kinafaa kupashwa moto upya, kwa kuwa redio iliyokusudiwa kusikika haina maana ikinyamaza. Lakini tundu lililotobolewa kwenye paneli na mmiliki wa kwanza ili aongeze swichi aliyoihitaji linastahili kubaki, kwani redio za kujiundia ziliuzwa kwa watu waliotazamiwa kuzibadilisha, na kuliziba tundu hilo kwa ajili ya mwonekano wa katalogi ni kumfuta mmoja wa waundaji wake wawili.