Sandarusi

Bandarini Chokocho, maji yakijaa, nilimsikia kijana wa mashua ya Kisiwa Panza akimhimiza abiria: "Mama, hiyo sandarusi yako ifunge vyema, unga utarowa." Alikusudia kiroba cha plastiki. Mzee aliyekaa kando akaguna.

Mzee ana haki. Sandarusi ya asili ni utomvu wa msandarusi ulioganda ukawa kama kioo cha manjano. Karne ya 19 Unguja iliisafirisha mpaka Salem, Marekani, ikatengenezwe vanishi. Nyingi ilichimbwa ardhini huko Mrima, pale ambapo mti wenyewe umeshaoza zamani. Ukibahatika, ndani ya kipande humkuta sisimizi mzima, miguu yote sita.

Sisimizi huyo ana kisa. Mdudu akitoboa gome, mti humwaga utomvu unaomsukuma nje au kumzamisha, na harufu yake kali ni sumu kwake. Sehemu nyepesi, ile inayonuka kama tapentaini, huyeyukia hewani. Inayobaki hukauka na kuziba kidonda. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi hujikinga vivyo hivyo, ingawa msandarusi ni ndugu wa mkwaju, si wa msonobari. Ajabu ni kwamba Kiarabu, tulikolitoa jina, hulitumia pia kwa utomvu wa mti wa Moroko ulio wa jamii ya misaipresi, ndugu wa misonobari.

Plastiki ilirithije jina hilo? Nadhani ni ule mng'ao. Mama, kwa upande wake, alikikaza kiroba kwa kamba ya usumba, akapanda mashuani.