Dawa Ilitangulia, Jina Likafuata

Leo si Linux wala programu. Leo ni kichwa changu mwenyewe.

Mwaka jana nilipewa barua ya pili ya onyo kazini. Kazi ya siku mbili ilikuwa imenichukua wiki tatu. Si kwamba nilikuwa nimelala. Usiku nilikesha kwenye tarakilishi nikirekebisha kitu kingine kabisa ambacho hakuna aliyekiomba. Baadaye daktari akaniambia nina ADHD, yaani ubongo wangu hupata taabu kuongoza umakini wake. Mama alikataa katakata: "Hayo ni mambo ya watoto wa Wazungu. Wewe ulikuwa mtundu tu."

Daktari aliniwekea njia tatu: dawa, tiba ya mazungumzo, au zote mbili. Nikaomba muda. Mwandishi wa programu hagusi mfumo wa zamani kabla ya kusoma historia yake, basi nikaisoma.

Hali hii ni ya kale. Mwaka 1798 Alexander Crichton, daktari Mskoti, aliandika juu ya watu ambao akili yao haitulii kwenye jambo moja. Mwaka 1902, jijini London, George Still alihutubia madaktari kuhusu watoto 43 wa aina hiyo, akaiita kasoro ya kimaadili. Kwa hiyo hata wasomi walifikiri kama walimu wetu wa msingi.

Dawa nayo ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1937 Charles Bradley alikuwa daktari wa hospitali ya watoto huko Rhode Island, Marekani. Kipimo kimoja cha ubongo kilihitaji kutoa maji ya uti wa mgongo, na watoto walibaki na maumivu makali ya kichwa. Bradley akawapa Benzedrine, dawa ya amfetamini, akitumaini itatuliza maumivu. Kilichobadilika zaidi ni darasani: kati ya watoto 30, 14 walianza kufanya vizuri ajabu. Wenyewe waliviita vidonge vya hesabu.

Mwaka 1944 Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza methilifenideti. Mkewe Rita aliimeza kabla ya kucheza tenisi, na ndiyo asili ya jina Ritalin.

Sasa angalia jina la hali yenyewe. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 1968 uliihesabu kuwa ya watoto, ikitarajiwa kupungua katika ujana. Jina ADHD liliingia 1987, miaka 50 baada ya vidonge vya Bradley!

Sisi watu wazima tulifikiwa mwisho. Mwaka 1976 Paul Wender na wenzake wa Utah walichapisha jaribio la methilifenideti kwa watu wazima. Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa watu wazima 86 waliokuwa tayari wanameza dawa lakini bado wanasumbuka. Waliofundishwa kupanga ratiba, kugawanya kazi vipande vidogo na kupambana na vishawishi walipata nafuu kuliko waliofundishwa kutuliza mwili.

Basi nikapima. Dawa hufanya kazi haraka, lakini yaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na kupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Tena ni ya gharama, mwezi baada ya mwezi. Mazungumzo hayana hayo, ila yanadai nikumbuke mazoezi kila siku, na kukumbuka ndiko hasa kunakonishinda.

Nimechagua zote mbili. Dozi ndogo asubuhi, shinikizo la damu likipimwa, na daftari moja tu la kazi za siku. Kidonge hunipa saa kadhaa za utulivu, lakini hakiniambii nizitumie kwa nini. Hilo ni la daftari. Barua ya tatu haijaja.

Nilimsimulia Mama habari za Still na ile kasoro ya kimaadili. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilikuchapa sana kwa zile sweta ulizopoteza shuleni."

Huu si ushauri wa daktari, muone wako. Lakini kama na wewe ulipoteza sweta nyingi, niandikie.