Nili, Mchele na Afyuni

Sheria ya Mapatano ya Bara Hindi ya mwaka 1872 ilitungwa kwa ajili ya Wahindi, lakini ilivuka bahari ikahukumu mapatano ya watu wetu pia. Tanganyika iliipokea mwaka 1920. Watunzi wake walikuwa na desturi njema ya kufuatisha kanuni kwa visa vidogo, na viwili katika visa hivyo vyaonyesha walivyoyafikiri mapatano ambayo halali na haramu zimechanganyika ndani yake.

Kisa cha kifungu cha 58 ni chepesi. Mtu atalipa rupia 1,000, na mwenzake atamletea ama mchele ama afyuni ya magendo. Ahadi ya mchele yasimama, ya afyuni yaanguka.

Kisa cha kifungu cha 24 ni kizito zaidi. Msimamizi ameahidiwa rupia 10,000 kwa mwaka ili aangalie utengenezaji wa nili, kazi ya halali, pamoja na biashara ya bidhaa nyingine iliyokatazwa. Hapo mapatano yote ni batili. Mshahara ni mmoja, wala hapana awezaye kusema rupia ngapi ni za nili na ngapi ni za haramu. Hoja ni safi. Lakini mwenye mali amekwisha kuvuna nili yake, na msimamizi hawezi kudai hata rupia moja kwa nguvu ya ahadi ile.

Mahakama za Uingereza nazo zilikuwa na kalamu ya kukata. Nordenfelt, aliyeuza biashara yake ya bunduki kwa pauni 287,500, aliahidi kutotengeneza silaha kwa miaka 25, tena kutoshindana na kampuni katika biashara yoyote. Ahadi hii ya pili ilionekana pana mno, ikatengwa. Ile ya kwanza ikathibitishwa na Baraza la Malodi mwaka 1894.

Je, kalamu hiyo ingalimwokoa msimamizi wetu? Sidhani. Ahadi za Nordenfelt ziliandikwa mbalimbali, nadhani na mawakili waliojua kazi yao. Moja ingeweza kufutwa bila kuigusa nyingine. Msimamizi alikuwa na neno moja tu, mshahara, nalo halikatiki.

Mwaka 1961 Kenya iliiacha sheria ya Kihindi ikashika ya Kiingereza. Tanganyika, mwaka ule ule, ilitunga sheria yake yenyewe, na kanuni zote mbili, ya mchele na ya nili, zikaingizwa humo.