Kufoka na kufurika: istilahi za mchemko katika ukenekaji

Kitenzi keneka kina umbo linalohadaa. Kiishio chake kinafanana na cha vunjika na pasuka, vitenzi vya hali visivyochukua yambwa, lakini chenyewe ni kitenzi elekezi: mtu hukeneka ethanoli, na maji huwa yamekenekwa. Maana yake ni kuchemsha kimiminika (au kiowevu, kama wasemavyo wengi nchini Kenya), kuupoza mvuke wake, kisha kuyakusanya matone yatokanayo nao. Kazi hiyo si ngeni kwa Waswahili: kisiwani Pemba mafuta hukenekwa kwa makonyo ya karafuu. Kilicho kigeni ni lugha ya miongozo ya maabara, na hapo ndipo mfasiri hupata taabu.

Taabu hiyo inahusu hatari mbili ambazo mfasiri mwenye haraka huziita zote "kuchemka kupita kiasi". Katika moja, povu hupanda taratibu hadi likamwagika. Katika nyingine, kimiminika kilichokuwa kimetulia hurushwa ghafla kutoka chupani. Visababishi vyake havifanani, na dawa ya moja haitibu nyingine. Mwanafunzi asiyetenganishiwa majina hayo hawezi kujua achukue hatua ipi.

Hatari ya kwanza ina familia nzima ya maneno: fura, furika, umuka. Apikaye maziwa anaijua vizuri. Protini zilizomo huimarisha kuta za viputo, viputo havipasuki upesi, povu hurundikana na kupanda ukingoni. Katika maabara, sabuni na utomvu wa mimea hufanya vivyo hivyo. Kufurika hukuonya kabla ya kutokea, kwa hiyo dawa yake ni ya utulivu: punguza joto, tumia chupa kubwa usiyoijaza kupita nusu, na ikibidi tia matone machache ya mafuta ya silikoni ili kulivunja povu.

Hatari ya pili haionyi. Ili kimiminika kichemke, kufikia kiwango chake cha kuchemka hakutoshi. Ni lazima kiputo cha kwanza kizaliwe mahali fulani. Kiputo kichanga mno hubanwa na mvutano wa uso wa kimiminika, nacho husinyaa kabla ya kukua. Sufuria ya nyumbani ina mikwaruzo inayohifadhi hewa kidogo, na humo viputo hupata pa kuanzia. Chupa ya kioo, laini na safi, haina. Kimiminika basi hupita kiwango chake cha kuchemka kikiwa kimya, kikijilimbikizia joto, mpaka kiputo kimoja kinapofaulu na sehemu kubwa ya kimiminika kugeuka mvuke kwa mara moja.

Kiingereza hulitaja tukio hili kwa neno la kugonga na kurukaruka, kama gari katika barabara ya mashimo. Kijerumani hutaja chanzo chake, yaani kuchelewa kwa mchemko. Sisi tunayo foka, kitenzi kinachosema juu ya maji yanayotoka kwa nguvu na juu ya mtu aliyekaa kimya kisha akaripuka kwa maneno makali. Napendekeza tuyatumie yote mawili: mchemko uliochelewa kwa hali inayotangulia, na kufoka kwa tukio lenyewe. Tutuma, ambalo baadhi ya wafasiri hulipenda, linafaa zaidi kwa mngurumo wa chungu kinachochemka sawasawa. Kulitumia hapa ni kuita shwari dhoruba.

Kinga ya kawaida dhidi ya kufoka ni vipande vidogo vya kauri isiyopakwa rangi ya kung'aa, vyenye vitundu vilivyojaa hewa. Neno letu la vigae linavitosha kabisa, kwa kuwa kigae ni kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika kabla ya kuwa cha kuezekea nyumba. Nisichokikubali ni kuviita "vizuiamchemko". Vigae havizuii mchemko. Huuanzisha, na kuufanya uwe wa viputo vidogo visivyokoma. Kitulizamchemko, neno lililoundwa kama kizimamoto, lingesema kweli.

Lakini kosa la msamiati ni dogo likilinganishwa na kosa la njeo. Linganisha "kimiminika kinapochemka, tia vigae" na "tia vigae kabla kimiminika hakijapashwa joto". Sentensi ya kwanza ni Kiswahili sanifu na inaweza kumuunguza mtu uso. Kigae kikitiwa katika kimiminika kilichokwisha kupita kiwango chake cha kuchemka huleta maelfu ya vianzio vya viputo kwa pamoja, na kufoka hutokea papo hapo. Kiambishi -po- hapa si pambo la sarufi. Aliyesahau vigae azime chanzo cha joto, asubiri kimiminika kipoe kabisa, ndipo avitie. Na mchemko ukisimama kisha ukaanzishwa upya, vinahitajika vigae vipya, kwani vitundu vya vile vya kwanza vimekwisha kunywa kimiminika.

Ipo pia tofauti ya pasha moto na pasha joto. Katika mazungumzo ni mamoja. Katika mwongozo wa kukeneka ethanoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na mvuke wake hushika moto kwa urahisi, "pasha moto" humwalika msomaji awashe kibiriti. Andika pasha joto, kisha utaje chombo: beseni la maji ya moto au jiko la umeme lisilo na mwali. Kufoka karibu na mwali si ajali ya kumwagika tena, ni ajali ya moto.

Mfasiri asilitumie neno vigae kila aonapo kinga ya kufoka. Katika ukenekaji wa shinikizo dogo, pampu huinyonya hewa iliyomo vitunduni na vigae hukosa kazi. Hapo matini chanzi itakuwa inazungumzia kikorogeo cha sumaku, au mrija mwembamba kama unywele unaopenyeza hewa kidogo kidogo chini ya kimiminika. Katika mbinu ya kupima nitrojeni aliyoitangaza Mdenmarki Johan Kjeldahl mwaka 1883, hutiwa punje za zinki, ambazo katika myeyusho wa alkali hutoa viputo vya haidrojeni. Hizo ziitwe punje, kwa kuwa zinki humenyuka na kupungua, ilhali kigae hubaki kama kilivyotiwa.